Makaburi ya Wageni, Majina ya Wenyeji: Siku Moja Mjini Nyeri

Wahenga walinena, tembea uone. Lakini hawakutaja umbali ambao mtu sharti autembee ndipo aone. Wako wanaovuka bahari kwenda kutazama magofu ya watu wengine, na wako waliozaliwa mwendo wa saa moja tu kutoka mlangoni pa historia yao wenyewe, nao hawajapata kuubisha mlango huo. Kijana anayesimuliwa katika makala haya alikuwa miongoni mwa hao wa pili. Alikuwa mwanafunzi wa Kiswahili katika chuo kikuu, mzaliwa wa Karatina. Pamoja na wanachama wenzake wa chama cha Kiswahili alikuwa amesafiri hadi Mombasa mara mbili, akapanda juu ya kuta za Fort Jesus, akajua kuwa Wareno walianza kuijenga ngome hiyo mwaka 1593, akapiga picha katika vichochoro vya Mji wa Kale. Kuhusu Nyeri, alichokijua ni stendi ya matatu tu.

Aliyemtoa katika hali hiyo hakuwa mhadhiri wala kitabu. Alikuwa nyanya yake mzaa baba, ajuza aliyetimiza miaka 80 mwaka 2024. Asubuhi moja ya mwezi wa Agosti mwaka huo, kijana akiwa likizoni, nyanya alimkuta akipanga picha zake za Mombasa katika simu. Akazitazama moja baada ya nyingine, kisha akasema:

"Mume wangu, umekwenda mpaka baharini kuona ngome ya Wareno. Mimi nimezeeka na sijapata kuingia katika yale makaburi ya Wazungu pale Nyeri. Utotoni tulipita nje ya ua tukiwa na mizigo mgongoni. Mwafrika aliingia mle akiwa na jembe au ufagio. Nipeleke, nami nikaone kilichomo."

Msomaji asishangae ajuza kumwita mjukuu wake mume. Kwa desturi ya Wakikuyu, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Kijana huyu alikuwa amerithi jina la marehemu babu yake, kwa hiyo mbele ya nyanya alikuwa mume aliyerejea, na kwa cheo hicho alitaniwa, akatumwa na kukemewa. Kwa desturi iyo hiyo, mtoto wa pili wa kiume wa nyanya, yaani ami yake kijana, aliitwa kwa jina la baba wa nyanya. Nyanya hakumwita mwanawe huyo kwa jina. Alimwita "baba". Kijana alikuwa ameisikia sauti hiyo tangu utotoni bila kujiuliza baba mwenyewe alikwenda wapi.

Walipanda matatu saa moja na nusu. Soko la Karatina lilikuwa limekwisha kuamka. Malori ya viazi, kabichi na karoti yalikuwa yakishusha na kupakia. Walipofika njia panda ya Marua, mahali barabara ya Nanyuki inapoachana na ile ya Nyeri, mawingu yalifunguka upande wa kulia na Kirinyaga ukajitokeza wote, mita 5,199 za mwamba na barafu iliyobaki kidogo. Nyanya aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesalimiwa na mkubwa wake. Mwezi wa Agosti mlima huo haujioneshi kila siku, na mkazi wa huko huuchukua mwonekano wake kuwa ni idhini ya safari.

Mji wa Nyeri umelala kati ya milima miwili, Kirinyaga upande wa mashariki na safu ya Nyandarua upande wa magharibi. Waingereza waliweka boma lao hapo mwishoni mwa mwaka 1902, na mwaka huohuo wamisionari wa Consolata kutoka Turin, Italia, wakaingia katika nchi ya Wakikuyu. Walowezi walipenda baridi yake na udongo wake. Wengine waliipenda kiasi cha kutotaka kuondoka hata baada ya kufa, na hao ndio ambao wawili hao walianza kuwazuru.

Makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro ni mahali pa utulivu. Nyasi zake hukatwa, miti yake ni mirefu, na katikati yake pana kaburi ambalo maskauti wa dunia nzima hulijia kama wanaohiji. Hapo amezikwa Robert Baden-Powell, jenerali wa Kiingereza aliyeanzisha uskauti kwa kambi ya vijana mwaka 1907. Alihamia Nyeri uzeeni, mwaka 1938, akafariki tarehe 8 Januari 1941 akiwa na miaka 83. Mkewe Olave alifariki Uingereza mwaka 1977, na majivu yake yakaletwa kuzikwa hapo hapo. Juu ya jiwe la kaburi pamechorwa duara lenye nukta katikati. Kijana, aliyekuwa skauti katika shule ya msingi, alifurahi kupata cha kufafanua.

"Cucu, hii ni alama ya njiani ya maskauti. Maana yake ni kwamba aliyeiweka amekwenda nyumbani."

"Nyumbani wapi? Kwao si Uingereza?"

Kijana alinyamaza. Darasani alikuwa amefundishwa methali ya mabaharia isemayo kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, naye alikuwa ameieleza katika mtihani akapata alama zote. Sasa, mbele ya kaburi la mtu aliyezunguka India, Afrika Kusini na Ulaya, kisha akachagua ngama yake chini ya mlima wa watu wengine, hakuwa na hakika kwamba aliielewa. Nyanya hakungoja jibu. Aliinama akaokota majani makavu yaliyoangukia jiwe, akayaweka kando.

"Limetunzwa vizuri," alisema. "Aliyekufa hana ugomvi na mtu."

Hatua chache kutoka hapo lipo kaburi la Jim Corbett, mwindaji aliyepata umaarufu India kwa kuwaua chui na simbamarara waliokula watu, na ambaye baadaye aligeuka mtetezi wa wanyama hao hao. India ilipopata uhuru mwaka 1947, Corbett na dada yake walihamia Kenya, wakaishi katika nyumba iyo hiyo aliyoijenga Baden-Powell. Usiku ule wa Februari mwaka 1952, binti mfalme Elizabeth alipolala katika hoteli ya Treetops iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Nyandarua, Corbett alikuwa pamoja naye. Usiku huohuo Mfalme George wa Sita aliaga dunia huko Uingereza, na binti aliyepanda mtini akashuka akiwa malkia. Kijana alisoma tarehe ya kifo cha Corbett kwa sauti: 19 Aprili 1955.

"Mwaka huo sisi tulikuwa ndani ya kijiji," nyanya akasema. Hakumaanisha kijiji kwa maana ya nyumbani.

Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Kuanzia katikati ya mwaka 1954, serikali ya kikoloni iliwaondoa Wakikuyu katika maboma yao yaliyotawanyika juu ya matuta na kuwafungia katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungukwa na seng'enge na mahandaki yenye mianzi iliyochongwa. Watu zaidi ya milioni moja walihamishwa kwa njia hiyo. Nyanya, mzaliwa wa Tetu, alikuwa na miaka kumi nyumba yao ilipochomwa. Baba yake alikuwa amechukuliwa miezi michache kabla.

Hayo aliyasema wakitembea kuelekea katikati ya mji, kwa sentensi fupi fupi, kama mtu anayehesabu fedha alizozificha muda mrefu na hana uhakika kama bado zinatumika.

Katikati ya Nyeri pana nguzo ya ukumbusho ambayo wapita njia wengi huizunguka bila kuitazama. Maandishi yake yanasema kuwa ni kumbukumbu ya watu wa kabila la Wakikuyu waliokufa katika kupigania uhuru kati ya mwaka 1951 na 1957. Kijana alimtafsiria nyanya yake kutoka Kiingereza. Nyanya akauliza swali ambalo lingestahili kuulizwa na mwanahistoria.

"Uhuru upi?"

Kwani miaka hiyo kila upande ulidai kupigania uhuru. Waliokuwa msituni walisema wanapigania ardhi na uhuru. Walinzi wa vijiji waliosimama na serikali, ambao watu waliwaita ngati, waliambiwa kuwa wao ndio wanaopigania uhuru dhidi ya Mau Mau. Nguzo imetaja kabila na miaka, ikanyamaza kuhusu upande. Kwa nyanya huo haukuwa mjadala wa vitabuni. Baba yake alikula kiapo. Ndugu wa baba yake, tumbo moja, alikuwa ngati. Walipokuja kumchukua baba usiku, ndugu huyo alisimama nje ya mlango akiwa na taa, wala hakuingia.

"Alimsaliti?" kijana aliuliza.

"Sijui. Huenda alikuja ili wasimpige. Huenda alikuja kuwaonesha nyumba. Hakusema mpaka alipokufa, na sisi hatukumuuliza. Yeye ana kaburi. Lina msalaba na limepakwa chokaa. Kila Krismasi tunalipalilia."

Kisha akaongeza jambo ambalo kijana hatalisahau.

"Askari waliokuja hawakujua Kikuyu. Walizungumza Kiswahili. Toka nje. Kipande kiko wapi. Lala chini. Hayo ndiyo maneno ya kwanza ya Kiswahili niliyoyajua. Na baba aliwajibu kwa Kiswahili, lugha ambayo hatukuwahi kumsikia akiisema nyumbani. Alisema, 'Nakuja.' Hilo ndilo neno lake la mwisho masikioni mwangu. Uliponiambia unakwenda chuo kikuu kusomea Kiswahili, nilijiuliza, je, lugha ile ina maneno mengine?"

Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kuipenda lugha yake kama lugha ya umoja, ya bandari na biashara, ya tenzi na ya ukombozi. Yote hayo ni kweli. Hata hivyo, kuna watu Afrika Mashariki ambao lugha hiyo iliwafikia kwa mara ya kwanza ikiwa imevaa magwanda. Kijana hakuwa amewahi kulifikiria jambo hilo, ijapokuwa lilikuwa likiishi naye nyumba moja.

Walikunywa chai na mandazi katika mkahawa mdogo, kisha kijana akakodi gari la aina ya Probox kwa mchana uliobaki, kwa kuwa miguu ya nyanya ilikuwa imeanza kulalamika. Kituo cha kwanza kilikuwa hoteli ya Outspan, iliyoanzishwa na Eric Sherbrooke Walker miaka ya 1920, mtu yuleyule aliyejenga Treetops mwaka 1932. Katika bustani yake ipo nyumba ndogo iitwayo Paxtu, alimoishi Baden-Powell na baada yake Corbett. Nyumba ina baraza inayotazama mlima. Nyanya alisimama barazani, akautazama mlima kutoka pale walipoutazama wao, akasema ni mlima uleule. Kijana alimkumbusha kuwa Treetops ya kwanza iliteketezwa na wapiganaji wa Mau Mau mwaka 1954, ndiyo sababu hoteli ikajengwa upya mwaka 1957. Nyanya alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Walikiona kijijini kwao, alisema, moshi upande wa msituni, lakini hakuna aliyewaambia ni nini kilichokuwa kikiungua.

Kutoka hapo wakaelekea Mathari. Karibu na misheni ya Consolata limesimama kanisa ambalo mtu asiyelijua angelipita akidhani ni la kawaida. Lilijengwa na serikali ya Italia, likakamilika mwaka 1952, na ndani ya kuta zake yamehifadhiwa mabaki ya askari 676 wa Kiitalia waliokufa wakiwa wafungwa wa vita nchini Kenya. Waliotekwa na Waingereza huko Ethiopia na Somalia katika Vita vya Pili vya Dunia waliletwa kwa maelfu katika kambi za Nyeri, Nanyuki na kwingineko. Pamoja nao amelala Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyekuwa mkuu wa himaya yote ya Italia katika Afrika Mashariki. Alijisalimisha Amba Alagi mwezi wa Mei mwaka 1941, akafa kwa maradhi mjini Nairobi tarehe 3 Machi 1942, akiwa ameomba azikwe pamoja na askari wake.

Kijana alikuwa amesoma kisa kimoja cha wafungwa hao. Mwezi wa Januari mwaka 1943, Felice Benuzzi na wenzake wawili, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya Nanyuki kwa sababu moja tu, kupanda mlima waliokuwa wakiutazama kila siku nyuma ya seng'enge. Walijitengenezea vifaa kwa vyuma chakavu, Benuzzi na Balletto wakafika kilele cha Lenana, wakasimika bendera ya nchi yao, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe. Adhabu yao ilikuwa siku 28 za kifungo cha peke yao, na mkuu wa kambi akaipunguza hadi siku 7 kwa kuuthamini ujasiri wao. Ni kisa cha kupendeza. Lakini katika mlima ule ule, miaka kumi baadaye, Mwafrika aliyeonekana ndani ya msitu uliopigwa marufuku aliweza kupigwa risasi papo hapo bila kuulizwa alikuwa akitafuta nini.

Ndani ya kanisa palikuwa na baridi na ukimya. Kuta zimejaa majina, safu juu ya safu, kila mfupa na mwenyewe. Nyanya, ambaye hakupelekwa shule, hakuweza kuyasoma, hivyo aliyapitishia kidole polepole kama mtu anayepapasa kitambaa sokoni.

"Hawa wote ni nani?"

"Ni wafungwa, Cucu. Wafungwa wa vita."

"Wafungwa?" Alisita. "Na kila mmoja ana jina lake?"

"Kila mmoja."

Ajuza alikaa kwenye benchi la mwisho. Baada ya kitambo alisema kwamba baba yake naye alikuwa mfungwa. Alipelekwa Manyani, kambi kubwa iliyokuwa kando ya reli ya Mombasa, kabla ya kufika Voi kwa anayetoka Nairobi. Mwaka 1954 homa ya matumbo ilizuka katika kambi hiyo, watu wakafa. Mwanamume mmoja aliyerudi kutoka huko miaka ya baadaye alimwambia mama yake nyanya, "Usimngoje." Hakuna barua iliyokuja. Hakuna nguo iliyorudishwa. Mama yake aliendelea kumngoja hadi uhuru ulipopatikana mwaka 1963, kisha akaacha bila kutangaza kuwa ameacha. Mtoto wa pili wa kiume wa nyanya alipozaliwa, walimpa jina. Hapo ndipo mzee yule alipozikwa, ndani ya jina la mtoto.

Kijana alihisi uso ukimwaka. Mara mbili alikuwa amepita Manyani kwa basi la usiku akienda Mombasa kuona historia, na mara zote mbili alikuwa amelala usingizi.

Mtunzaji wa kanisa, mzee mpole, aliwaletea kitabu cha wageni kama ilivyo ada. Kilikuwa na safu za tarehe, jina, atokako mtu, na maoni. Kurasa zake zilijaa majina ya Wataliano waliokuja kutafuta babu zao. Kijana aliandika jina lake, kisha akamuuliza nyanya kama amwandike. Nyanya akatikisa kichwa.

"Usiniandike mimi. Mwandike baba."

"Lakini Cucu, hiki ni kitabu cha wageni waliofika leo."

"Yeye si mgeni? Basi mwandike. Andika amefika."

Kijana alimtazama mtunzaji. Mzee yule aligeuka akaanza kufuta vumbi mahali pasipokuwa na vumbi. Basi kijana akaliandika jina la mzee huyo wa Tetu, majina yote matatu, nyanya akimtajia. Katika safu ya atokako aliandika Manyani. Katika safu ya maoni aliandika neno moja la Kiswahili, "Amefika." Walowezi wana mawe yao na Wataliano wana kuta zao. Huo ulikuwa mstari mmoja wa wino katika kitabu ambacho siku moja kitajaa na kuwekwa kabatini. Hata hivyo, kwa kadiri nyanya alivyojua, ilikuwa mara ya kwanza jina hilo kuandikwa mahali popote tangu lilipoandikwa kwenye kipande.

Jua lilikuwa limeanza kuegemea Nyandarua walipofika Kahigaini, huko Tetu, mahali mashamba ya majani chai yanapokaribiana na msitu. Hapo ndipo Dedan Kimathi, aliyezaliwa mwaka 1920 katika tarafa hizo hizo, alipopigwa risasi na kukamatwa alfajiri ya tarehe 21 Oktoba 1956. Aliyemfyatulia risasi, Ndirangu Mau, alikuwa Mkikuyu mwenzake katika polisi wa kikabila. Kimathi alishtakiwa mjini Nyeri mwezi wa Novemba, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Wanafunzi wengi wa Kiswahili wamemjua kupitia tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo, iliyotafsiriwa kwa jina la Mzalendo Kimathi. Jina lake limepewa barabara, uwanja na chuo kikuu, na sanamu yake ilizinduliwa Nairobi mwaka 2007, nusu karne kamili baada ya kunyongwa. Alichokosa ni kaburi. Mjane wake, Mukami Kimathi, aliomba kwa miaka mingi aoneshwe mahali alipozikwa mumewe. Alifariki mwezi wa Mei mwaka 2023 bila kuzika hata mfupa mmoja wake.

Wala Kimathi si peke yake. Mwanahistoria David Anderson alihesabu watu 1,090 walionyongwa na serikali ya kikoloni katika vita hivyo. Idadi hiyo ni zaidi ya wale 676 wa Mathari, na ni ya walionyongwa tu. Waliokufa msituni, kambini na vijijini hawamo. Mwezi wa Juni mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilieleza majuto yake na kukubali kuwalipa fidia walalamishi 5,228 walioteswa. Ilikuwa hatua ya haki, nayo ilikuwa ya walio hai. Mtu aliyefia Manyani mwaka 1954 hakuweza kusimama mbele ya wakili na kuvua shati aoneshe makovu.

Nyanya hakuuliza mahali hasa risasi ilipopigwa. Alikuwa akitazama ukingo wa msitu, penye bonde jembamba lililofunikwa na nyasi ndefu na magugu.

"Hilo tulilichimba sisi," alisema.

Serikali ilikuwa imeamuru handaki lichimbwe kando ya misitu ili kuwatenga wapiganaji na watu waliowapelekea chakula. Lilichimbwa na wanakijiji, wengi wao wanawake na watoto, kwa majembe yao wenyewe na bila malipo. Pengine bonde lile lilikuwa kipande cha handaki hilo. Pengine lilikuwa mfereji tu wa maji ya mvua. Nyanya hakuwa na shaka. Alisema mama yake alichimba akiwa na mtoto mgongoni, na kwamba udongo wa juu ulikuwa mwekundu na wa chini ulikuwa na mawe madogo meupe. Kijana alichukua simu apige picha. Kisha akabadili nia, akafungua sehemu ya kurekodi sauti, akaisogeza karibu na nyanya.

"Rudia, Cucu. Anza pale ulipoanzia asubuhi."

Yapo mengi ambayo mtembezi anaweza kujifunza kwa siku moja Nyeri, lakini moja lilidhihirika kwa wawili hawa. Kaburi la mgeni halikuja kuwa kivutio kwa sababu mgeni alikuwa bora kuliko mwenyeji. Lilipata kuwa hivyo kwa sababu kulikuwa na mtu aliyeandika jina, mwingine aliyetoa fedha za jiwe, na mwingine tena anayekata nyasi hadi leo. Watu wa mlima waliwahifadhi wafu wao katika majina ya watoto, na hifadhi hiyo ni ya heshima kubwa. Lakini jina la mtoto halisemi aliyelibeba kwanza alikufa wapi, wala nani alishika taa nje ya mlango. Hayo yamo vinywani mwa wazee waliokuwa watoto wakati ule, nao wanapungua kila mwaka. Mwanafunzi anayejivunia Kiswahili kama lugha ya kuhifadhi urithi hana budi kukumbuka kwamba katika baadhi ya maboma lugha hiyo ina deni, na deni la maneno hulipwa kwa maneno.

Usiku ulikuwa umeingia walipopanda matatu ya kurudi Karatina. Mlima ulikuwa umejifunika tena. Nyanya aliegemea dirisha akafumba macho, kijana akadhani amelala. Mwezi wa Oktoba chama chao kilikuwa na safari nyingine ya Mombasa, na alikuwa akihesabu kimoyomoyo saa ambayo basi lingepita Manyani.

"Mume wangu," nyanya akasema bila kufumbua macho, "ukipita pale, usilale."

"Sitalala, Cucu."